Nukta Iliyosimama Kiooni

Mdogo wetu wa mwisho aliponiambia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya rubani ni kutazama nje, nilidhani ananificha ugumu wa kazi yake ili nisikose usingizi. Nilikuwa kwenye cherehani, barazani petu Biryogo, mjini Kigali, natia pindo gauni la bibi harusi. Yeye alikuwa amekalia gunia la vipande vya vitambaa, anakula sambusa.

"Kutazama nini?" nikamuuliza. "Huko juu kuna nini cha kutazama?"

"Ndege nyingine, Dada."

"Anga yote hiyo, na ndege zenyewe chache hivi!"

"Ndiyo hatari yake. Mtu akijua ziko chache, haangalii."

Akajifuta mafuta mdomoni kwa kipande cha hariri cha mteja wangu, nikampiga na futi ya kitambaa, mazungumzo yakaishia hapo. Lakini maneno yake hayakunitoka. Nilikuwa na sababu.

Baba yetu alikuwa fundi wa nguo na mchuuzi wa vitambaa. Babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara, akaoa huku, akabaki. Kwa hiyo nyumbani kwetu Kiswahili na Kinyarwanda viliingia kwa mlango mmoja na hakuna aliyeuliza kipi kilitangulia. Miaka michache baada ya uhuru, baba na mama walipanda lori kwenda Butare kwenye harusi ya jamaa. Kwenye kona moja lori lao likakutana na jingine lililobeba magogo. Utingo aliyenusurika alikuja kutupa pole, kichwa kimefungwa bendeji, akatuambia neno moja tu: "Hatukuliona." Sura yake nimeisahau, neno lake sikulisahau. Lori ni kitu kikubwa kama nyumba, lina honi, lina vumbi nyuma yake. Mtu asilione vipi?

Mimi nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la pili, na huyu wa kiume ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Wazazi walikuwa wamemwacha kwa mama jirani wa nyumba ya nyuma. Sikurudi shule. Nilikuwa nimeshajua kukanyaga cherehani kwa kumtazama baba, na mashine ilikuwa pale pale barazani, uzi wake bado umepita kwenye sindano. Nilianza kwa kutia viraka kaptula za watoto wa mtaa. Baadaye nikashona kanzu, baadaye magauni. Waposaji walikuja wakaona mikia miwili nyuma yangu, wakarudi makwao. Sikuwalaumu. Nilikuwa na jambo moja kichwani: hawa wawili wafike utu uzima wakiwa hai. Mengine yote niliyapanga nyuma ya hilo.

Wakafika. Wa kike akawa mwalimu, akaolewa Gitega, mtaa wa jirani. Wa kiume alisomea ufundi wa injini, akapata kazi Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, kwa mzee mmoja Mbelgiji aliyekuwa na ndege mbili ndogo, za kubeba wapimaji wa ardhi na vifurushi vya watu. Yule mzee alimpenda kwa sababu alikuwa haachi bolti bila kuijaribu mara ya pili. Akamfundisha kurusha, kisha akampeleka Nairobi kufanya mtihani. Aliporudi na cheti, mtaa mzima ulikuja kumpa mkono. Mimi nilipika pilau, nikacheka na wageni, na walipoondoka nikakaa jikoni nikijiuliza kama nimemlea kijana wa watu miaka yote hiyo ili nimpandishe mahali ambapo hakuna hata bega la barabara la kukimbilia.

Nadhani aliyaona hayo usoni pangu, maana siku chache baada ya ile ya sambusa alinichukua mpaka kiwanja kitupu kilichokuwa karibu na kwetu. Njia mbili zilipita pembezoni mwa kile kiwanja na kukutana kwenye kona, penye duka la mkaa.

"Wewe pita njia hii, mimi napita ile," akasema. "Nyosha mkono, unifunike kwa kidole gumba. Mkono usiusogeze. Tembea mwendo wako wa kila siku."

"Watu wataniona mwendawazimu."

"Wameshazoea, Dada. Tembea."

Nikanyosha mkono, nikakiweka kidole gumba mahali alipokuwa, nikaanza kwenda. Mara ya kwanza alikimbia kidogo, akachomoza upande mmoja wa kidole, akafika konani kabla yangu. Mara ya pili alichelewa, akachomoza upande wa pili, nami nikapita kabla yake. Mara ya tatu hakuchomoza kabisa. Nilikwenda, nikakwenda, najua yuko pale nyuma ya kidole lakini simwoni, mpaka nikapigwa kikumbo na bega lake mbele ya muuza mkaa.

"Fundi," akasema muuza mkaa, "unamvizia mdogo wako? Ana deni gani?"

Watu wa barazani wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. "Umeona? Ukiwa kwenye ndege, anayesogea kiooni ana njia yake, atapita. Yule aliyesimama pale pale, hasogei mbele wala nyuma, huyo ndiye mnayekutana naye. Na jicho la mtu, Dada, linapenda kitu kinachosogea. Kilichosimama linakiruka."

"Na kama kuna kitu kimekufichia, kama hiki kidole?"

"Kitakufichia mpaka mwisho. Kwa hiyo kichwa cha rubani hakitulii. Unainama, unajivuta mbele, unachungulia nyuma ya nguzo ya kioo kama mbea wa mtaa."

Halafu akaniambia jambo lililonishangaza zaidi: kwamba jicho likitazama anga tupu, halifiki mbali. Linakosa cha kushika, linalala njiani, mtu anadhani anatazama upeo kumbe anatazama hewa ya karibu na pua yake.

Hilo nilikuwa nalijua, na yeye hakujua kwamba nalijua, kwa sababu baba alikufa kabla hajamfundisha. Kila mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, na tena ulipokaribia kwisha, baba alitupandisha mimi na mdogo wangu wa kike kwenye bega la Mlima Kigali, upande unaotazama mto Nyabarongo, kutafuta mwezi mwandamo. Alikuwa na namna yake. Kwanza utulize jicho kwenye mti wa kilima cha mbali kabisa, mpaka uone umbo lake vizuri. Kisha ulinyanyue jicho hilo hilo taratibu, bila kupepesa, uliweke mbinguni. Usifagie mbingu kwa macho. Tulia mahali pamoja, kisha hama. Na sharti lake kubwa lilikuwa hili: ukiuona mwezi, usimwonyeshe mwenzio kwa kidole. Wala usimwambie uko juu ya nini. Mwambie tu, "Hebu tazama na wewe." Mtu akionyeshwa, alisema baba, ataona kidole chako na kuapa ameona mwezi. Ushahidi unataka macho mawili yasiyoazimana. Mdogo wangu wa kike alikuwa na macho makali kuliko wote, na mara nyingi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukaa kimya, akabana midomo, akamvuta baba kanzu.

Wakati wa kiangazi yule mzee Mbelgiji alimruhusu mdogo wetu atupandishe ndege sisi dada zake Jumapili moja alasiri. Ilikuwa zawadi yake kwetu, na mdogo wetu alikuja na habari hiyo mbio mbio kama mtoto. Mama jirani wa nyumba ya nyuma, ambaye alikuwa ametusaidia kulea na kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema lolote, alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nyote watatu?" akauliza.

"Sote watatu, Bibi. Viti viko vinne. Njoo na wewe."

"Mimi nitakufa hapa hapa chini, ambako nimezoea. Lakini mwanangu," akanigeukia mimi, "mkipotea wote, nani atabaki kuwapokea watu wa matanga? Mimi miguu inauma."

Tukacheka, lakini alikuwa amesema lililokuwa moyoni mwangu. Sikupenda sisi watatu kupanda chombo kimoja. Hata tulipokwenda kuhani msiba nje ya mji, nilitafuta sababu mmoja wetu aende na gari jingine. Nilitaka kukataa. Kisha nikamtazama kijana yule, amesimama mbele yangu na shati jeupe nililomshonea, lenye vitambaa vya mabegani alivyoniomba kwa haya, na nikaona kwamba nikikataa kupanda, nitakuwa nimemwambia kwamba simwamini. Nikasema, "Bismillahi. Tutakwenda."

Nilivaa vizuri siku ile. Niliona aibu kupanda ndege kama ninakwenda sokoni, kwa hiyo nilifunga kilemba cha kitenge kilichokaza, kikubwa, cha siku za harusi. Mdogo wangu wa kike aliponiona Kanombe alisema, "Dada, hicho kilemba kimelipiwa nauli yake?"

Ndege ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Mabawa yake yalikuwa juu ya vichwa vyetu kama paa la kibanda. Mimi niliwekwa mbele, kulia kwa rubani. Mdogo wangu wa kike alikaa nyuma yangu. Rubani wetu alitufunga mikanda kwa mikono yake, akaijaribu, akarudia kuijaribu, kisha akatupa kazi.

"Kila mtu ana macho, na kila jicho lina kazi. Dada, upande wa kulia ni wako. Wewe pia huko nyuma, kulia. Mkiona ndege nyingine, hata kama ni ya mbali, hata kama mnadhani nimeiona, niambieni."

"Tukiona mwewe?" akauliza mdogo wangu wa kike.

"Mwambie nimemsalimu."

Sitasema mengi juu ya kupaa. Lakini mji! Ulilala pale chini kwenye migongo ya vilima vyake, na Biryogo yetu ilikuwa kama kiraka cha mabati kilichoshonwa kwa haraka. Tulipita juu ya Kinyinya, vichaka na mashamba na njia nyekundu moja inayozunguka kilima. Tukaenda mashariki mpaka tukaona maji ya ziwa Muhazi yamenyooka kama utepe. Mdogo wangu wa kike alikuwa akinipigia kelele sikioni juu ya mngurumo wa injini: "Ona ng'ombe! Ona kanisa! Ona yule mtu anafua!" Nilisahau hofu. Nasema kweli, kwa muda nilisahau kabisa.

Kisha tukageuka kurudi. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na sasa lilikuwa mbele yetu. Watu walikuwa wamechoma nyasi kwenye vilima, na moshi ule pamoja na vumbi la kiangazi vilikuwa vimetanda hewani kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Chini tungeweza kuona mashamba ya Masaka, nje kidogo ya mji, vizuri, lakini mbele hapakuwa na kitu ila mwanga mweupe. Mdogo wetu alikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni, anazungumza Kifaransa na mnara wa kuongozea ndege. Akatugeukia, akapaza sauti: "Kuna ndege moja nyingine inakuja kutua. Iko kaskazini, juu ya Kinyinya. Tafuteni kule!"

Akainyosha shingo kutazama kule mbele kulia, mbali, mahali alipoambiwa. Nami nikatazama kule kule. Hapakuwa na kitu. Nikafurahi kwamba hapana kitu.

Ndipo mkono ukagusa bega langu. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameinama, mdomo karibu na sikio langu. Hakupiga kelele ya ng'ombe wala kanisa.

"Dada," akasema, "hebu tazama na wewe. Dirisha lako."

Hakunyosha kidole. Hakusema juu ya nini. Nilipogeuka niliona midomo yake imebanwa, na nikaijua ile sura. Nilikuwa nimeiona kwenye bega la Mlima Kigali tangu utotoni. Alikuwa anangoja shahidi wa pili.

Nikatazama dirisha langu. Nikaona kioo, mikwaruzo ya kioo, na weupe. Nikafagia macho huku na huku, kama baba alivyokataza. Hapana kitu. Moyo ukaanza kwenda mbio, na macho nayo yakaanza kukimbia pamoja na moyo. Nikajilazimisha. Nikashusha jicho mpaka kwenye kilima cha mbali, nikatafuta mti, nikaupata, mvule mmoja umesimama peke yake. Nikangoja mpaka matawi yake yatengane. Kisha nikalinyanyua jicho taratibu.

Ilikuwa pale. Nukta moja nyeusi, ndogo kama kichwa cha pini, chini kidogo ya ukingo wa bawa. Nilidhani ni uchafu wa kioo. Nikasogeza kichwa, uchafu wa kioo ungesogea, hii haikusogea. Nikatazama kama itakwenda mbele au itarudi nyuma. Haikwenda mbele. Haikurudi nyuma. Ilisimama pale pale karibu na ukingo wa dirisha, imetulia, na ilikuwa na mstari mwembamba pande mbili.

Nikamgeukia mdogo wetu. Alikuwa bado anatafuta Kinyinya. Mara moja alizungusha kichwa kuangalia upande wangu, na macho yake yakaishia kwangu. Na mimi nikaelewa kwamba kutoka pale alipokaa, kati yake na ile nukta kulikuwa na kichwa changu na kile kilemba cha harusi. Mimi ndiye niliyekuwa kidole gumba.

Nikajilaza nyuma kwa nguvu zangu zote, nikanyosha mkono mzima na kidole mbele yake, na nikapiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga hata siku ya lori. "Ile! Ile pale! Haisogei!"

Aliiona. Niliona uso wake ukibadilika. Na nilipogeuka tena, haikuwa nukta. Sijui niseme vipi. Kwa muda wote niliokuwa naitazama ilikuwa ndogo, na kisha, kwa pumzi moja, ilifumuka: ikawa na mabawa, ikawa na madirisha, ikawa na magurudumu. Mdogo wetu akauzungusha usukani upande wa kulia na kuusukuma. Bawa letu la kulia likashuka mbele ya dirisha langu kama pazia, na ile ndege ikapotelea nyuma yake.

Huo ndio wakati ninaoukumbuka kuliko wote. Tulijua iko karibu na hatukuiona. Viti viliondoka chini yetu, mikanda ikatubana, ardhi ya Masaka ikajaa kioo cha mbele, migomba na paa la nyasi na mtu amesimama na jembe. Nyuma yangu nilimsikia mdogo wangu akisema shahada. Nilikuwa nimemshika rubani kwa kola ya shati, kama nilivyokuwa nikimshika akijifunza kutembea, na ninashukuru kwamba hakuhitaji shingo yake wakati ule.

Kisha kivuli kikapita juu yetu. Niliinua macho, nikaona kwenye kioo cha juu tumbo la ndege, jeupe, na doa la mafuta meusi kwenye tumbo hilo. Likaenda zake. Nje kukabaki moshi, vumbi na mwanga ule ule mweupe.

Mdogo wetu akainyosha ndege. Akazungumza na mnara kwa sauti ya chini, ya adabu sana. Halafu akasema kwa Kiswahili, bila kutugeukia, "Endeleeni kutazama. Nyote wawili. Msiache." Tukatazama. Sidhani kuna watu waliowahi kuitazama anga ya Kigali kama tulivyoitazama sisi mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Alipozima injini, kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia mapanzi kwenye nyasi. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeanza.

"Niliiona mimi kwanza," akasema.

"Uliiona?" rubani akageuka. "Uliiona lini? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia Dada atazame."

"Atazame wapi? Kwa nini hukuonyesha kwa kidole?"

"Baba alikataza kuonyesha!"

"Baba alikataza…" Akatutazama mmoja baada ya mwingine, kinywa wazi. Ikabidi nimweleze, palepale ndani ya ndege, habari za mlima na mti na mashahidi wawili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule ni mwezi!" akasema. "Mwezi hauji kukugonga! Mwezi una subira!"

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni mimi. Tulicheka mpaka tukashindwa kufungua mikanda, machozi yanatiririka, mdogo wangu wa kike anapiga kiti kwa ngumi na kusema, "Mwezi una subira, Yesu na Maria," naye ni binti wa Kiislamu, mwalimu wa watu.

Rubani wa ndege nyingine alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa uwanja, mtu mzima mwenye mvi, mgeni katika mji, uso umemtoka jasho. Alisimama mbele ya mdogo wetu. Kisha akasema kwa Kifaransa maneno ambayo hata mimi wa darasa la sita niliyaelewa. "Sikuwaona. Jua lilikuwa usoni." Alikuwa ameshaipita Kinyinya tangu alipozungumza na mnara. Upepo ulimleta haraka, naye alikuwa akitutafuta chini yake, sisi tukiwa ubavuni. Hakuwa na habari nasi mpaka alipoona paa la ndege yetu likiinama mbele ya magurudumu yake.

Nilimtazama sana mtu yule. Miaka yote nilikuwa nimemkasirikia dereva mmoja aliyekufa kwa sababu hakuliona lori. Nilidhani asiyeona ni mzembe, au mlevi, au amelala. Huyu alikuwa hajalala. Alikuwa anatazama kwa macho yake yote mawili, na mdogo wangu vilevile, na wote wawili walikuwa wanatafuta mahali walipoambiwa. Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

Walipoanza kuonyeshana kwa viganja vyao jinsi ndege zilivyopita, kiganja hiki juu ya kile, mdogo wangu wa kike alikwenda kutafuta maji. Rubani wetu akamaliza na yule mgeni, akaja kusimama mbele yangu. Shati lake lilikuwa limelowa, na kola niliyoishona kwa uangalifu mkubwa ilikuwa imechanika upande.

"Dada," akasema. "Kesho natakiwa kupeleka vifurushi Kamembe." Akatazama viatu vyake. "Lakini wewe ndiye uliyenilea. Ukisema niache, naacha. Sitanung'unika."

Alikuwa anasema kweli, na nilijua. Neno langu moja lingetosha. Angerudi kwenye bolti na mafuta ya injini, chini, ambako nimezoea, na mimi ningelala. Nilitaka kulisema. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilikuwa nimemwona anavyobadilika uso na kuusukuma ule usukani bila kuuliza, na nilikuwa nimesikia alivyosema endeleeni kutazama, wakati sisi wengine tungekuwa tumefumba macho.

"Vifurushi utaviweka wapi?" nikamuuliza.

Hakuelewa. "Nyuma. Na vingine kiti cha mbele, vikizidi."

"Kiti cha mbele usiweke kitu. Hata kofia yako. Uone dirisha la kulia lote."

Akakitupia jicho kile kiti nilichokuwa nimekalia. "Ndiyo, Dada."

"Na kila ukimaliza kutafuta pale walipokuambia, tafuta na pale ambapo hawakukuambia."

"Ndiyo, Dada."

"Na hilo shati nipe leo, nilishone kola."

Mdogo wangu wa kike alirudi na chupa ya maji, tukanywa kwa zamu, sisi watatu, tumekaa kwenye nyasi kando ya gurudumu. Yalikuwa maji ya bomba, ya uvuguvugu, na yalikuwa na ladha ya chupa ya fanta. Nilikunywa mpaka nikapaliwa, na hawa wawili wakanipiga mgongoni kwa pamoja, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajui kupiga.